Je, Wajua? Bahari ya lita 20

Je, wajua kwamba matumbawe magumu, yale yanayojenga miamba ya baharini, yanaweza kukuzwa sebuleni katika tangi la lita 20 tu?

Kazi ngumu iko katika udogo huo. Maji yakigeuka mvuke, chumvi hubaki. Tangi hilo likipoteza lita moja, chumvi hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 37, nalo tumbawe limezoea bahari isiyobadilikabadilika. Ndiyo maana pengo hujazwa kila siku kwa maji safi yasiyo na chumvi.

Tumbawe ni mnyama, lakini chakula chake kingi hutoka kwa mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake, na mwani huo hutaka taa kali. Mifupa yake huijenga kwa kalisi ya majini. Kubadilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki husaidia kurudisha kalisi hiyo. Samaki? Bora asiwemo kabisa, kwani kinyesi chake huchafua upesi maji machache kama hayo.

Matumbawe magumu yanalindwa na CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, hivyo tafuta vipande vilivyokatwa kwenye matumbawe yaliyokuzwa tangini, si yaliyong'olewa baharini.