Programu Imfuate Mtumiaji: Neno kwa Kamati za Parokia na Wafadhili



Siku hizi maombi ya kompyuta na programu zake yamekuwa jambo la kawaida katika mipango ya parokia. Wengine wanaomba programu ya daftari la waumini, wengine ya vitabu vya chama cha akiba na mikopo, wengine ya hesabu za dawa katika zahanati. Ni maombi mazuri. Tatizo ni kwamba mradi wa namna hii huhesabiwa kuwa umekamilika siku mashine inapokabidhiwa, picha zikapigwa na taarifa ikatumwa kwa mfadhili. Kwa mtunza hazina au muuguzi atakayeitumia, kazi ndiyo kwanza inaanza siku hiyo. Akiona inamchelewesha atarudi kwenye daftari lake, na wala hatamwambia mtu.

Tuanze na mfano wa hapa nchini. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Wizara ya Afya na washirika wake, wakiwemo Novartis, IBM na Vodafone, walifanya majaribio ya mpango ulioitwa SMS for Life katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vilikuwa 129, vikihudumia watu wapatao milioni 1.2. Shida iliyokusudiwa inafahamika kwa kila mama aliyewahi kubeba mtoto mwenye homa hadi zahanati akaambiwa dawa imekwisha. Pengine dawa hiyo hiyo ilikuwa imejaa katika kituo jirani, lakini wilayani hakuna aliyejua.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi. Kila wiki mhudumu wa kituo alipokea ujumbe mfupi kwenye simu yake mwenyewe, ukimtaka ahesabu pakiti za dawa ya mseto za ukubwa wa aina nne, pamoja na kwinini ya sindano, kisha ajibu kwa tarakimu. Kujibu hakukumgharimu kitu. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio la simu, na aliyesahau alikumbushwa. Hesabu zote zilionekana kwa wakubwa wa wilaya, nao wakaweza kuhamisha dawa kutoka kituo kimoja kwenda kingine au kuagiza nyingine.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Kwa wastani asilimia 95 ya vituo vilijibu. Baadaye mpango ulipanuliwa nchi nzima.

Wasomaji wetu waone kilichofanyika hapo. Hakuna aliyepewa chombo kigeni cha kujifunza, wala fomu ya kurasa sita juu ya vile vitabu vya MTUHA ambavyo tayari vinamchosha. Na waliopima mafanikio hawakuishia kuhesabu meseji zilizotumwa. Walihesabu vituo visivyo na dawa, yaani kile ambacho mgonjwa alikuja kukitafuta. Kwa maoni yangu hilo la pili ndilo kubwa zaidi. Tukumbuke pia ile asilimia 26 iliyobaki: ujumbe wa simu haubebi boksi la dawa, na programu iliyo nzuri namna gani haiwezi kuziba pengo la bohari tupu.

Mfano wa pili watu wengi wanao mfukoni. Mwaka 2005 M-Pesa ilijaribiwa Kenya, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa lengo la kuwarahisishia wakopaji kurejesha mikopo. Watumiaji wakaifanyia mambo yao. Walitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wenye mradi walikuwa na hiari ya kuwakemea. Badala yake waliwatazama, wakapunguza yale ya mikopo, na Machi 2007 wakaizindua kama huduma ya kutuma fedha nyumbani. Tanzania iliingia mwaka 2008 kupitia Vodacom. Andiko la mradi lingefuatwa neno kwa neno, huenda leo tusingekuwa na la kusimulia.

Sasa tuje Kipili. Chukueni programu ya chama cha akiba na mikopo iliyotengenezwa mjini, inayodai rejesho kila tarehe 30 na kutoza faini yenyewe. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika havui kwa tarehe, anavua kwa taa gizani. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mfuko unakuwa mtupu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa programu hiyo, mwambao mzima ungekuwa wadaiwa sugu kwa kutii sheria. Mwenzake wa kule juu, kwenye uwanda wa Ufipa, anangoja mahindi na maharage yavunwe ndipo ashike fedha. Hao ni watumiaji wawili tofauti, japo mfadhili huwaandika katika mstari mmoja wa bajeti. Aidha, programu inayotaka mtandao kila dakika haifai mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Inayofaa ni ile inayohifadhi kazi ndani ya mashine na kuipeleka baadaye.

Haya hayaonekani ofisini. Njia ya kuyaona ni rahisi, na naishangaa kwa jinsi inavyopuuzwa. Kabla ya kulipa, mketisheni mtunza hazina wenu mbele ya programu, mwambieni aandikishe mwanachama mpya na kutoa stakabadhi, kisha nyamazeni. Msimwelekeze. Andikeni kila anapokwama, hasa kwenye maneno ya kioo asiyoyaelewa, kwa maana mengi hayako katika Kiswahili. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii aliyezaliwa Denmark, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Parokia haikosi watu watano. Mchagueni na mzee anayevaa miwani.

Kwa wafadhili, ombi letu ni kwamba bajeti iwe na fungu la mwaka wa kwanza baada ya makabidhiano: nauli ya fundi kurudi, marekebisho, na mtu wa karibu anayepokea simu, akiwa Namanyere au Sumbawanga kuliko Dar es Salaam. Katika taarifa ya robo mwaka, ulizeni zahanati ilikaa siku ngapi bila dawa, au mwanachama aliyeuliza salio lake alijibiwa baada ya muda gani.

Nanyi wanakamati, daftari la zamani lisitupwe mapema. Liendelee kuandikwa sambamba na kompyuta hadi hesabu za mwisho wa mwezi zilingane mara tatu mfululizo. Zisipolingana, mwiteni fundi kabla ya kumlaumu mtunza hazina.