Fahamu: Kwa nini Mother 3 haijavuka mipaka ya Japani

Mashabiki wa michezo ya video wameisihi Nintendo kwa miaka mingi itoe Mother 3 kwa Kiingereza. Mchezo huo, ulioandikwa na Shigesato Itoi, ulitoka Japani Aprili 20, 2006, kwa ajili ya Game Boy Advance, kifaa cha kuchezea mkononi. Ulichelewa: Nintendo DS, kifaa kipya zaidi cha mkononi, ilikuwa sokoni tangu 2004, na Game Boy Advance ilikuwa inaelekea ukingoni. Nje ya Japani haukuuzwa kabisa.

Ni hasara kubwa. Mchezaji anamfuata Lucas, mtoto ambaye familia yake inasambaratishwa na msiba. Hata mapigano yake ni ya aina yake: unabonyeza kitufe kwa kufuata mdundo wa muziki, na ukiupatia vizuri unaunganisha hadi mapigo 16.

Mwaka 2008 mashabiki, wakiongozwa na mtafsiri Clyde Mandelin, walitoa tafsiri yao ya Kiingereza bila malipo. Februari 2024 Nintendo iliurejesha mchezo kupitia huduma ya mtandaoni ya kifaa chake cha Switch, lakini kwa Japani pekee. Wateja wa nchi nyingine wamesubiri vya kutosha. Nintendo iutoe rasmi.