Fahamu: Kwa nini umeme huwasha moto ilhali sakiti breka haikati

Soko au bweni likiungua, mara nyingi tunasikia "hitilafu ya umeme", na wengi huwaza shoti. Lakini shoti kali hukatwa na sakiti breka papo hapo, kama ni nzima. Mjanja zaidi ni muungio uliolegea, ndani ya soketi au juu ya dari. Hapo umeme hupita kwa shida na kutoa joto. Mkondo ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Breka haishtuki, maana mkondo haujazidi kiwango chake. Plastiki hubabuka kidogo kidogo, hata kwa miezi, mpaka ishike moto.

Kuzidisha mzigo ni jambo jingine. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9. Ongeza pasi ya wati 1,200: tayari ekstensheni ya ampea 13 imezidiwa. Na breka ikikatakata, kuna mafundi hufunga kubwa zaidi bila kubadili waya. Huko ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele.

Soketi ikipata moto au ikinuka plastiki, zima meni swichi, kisha ita fundi mwenye leseni.