Ua la Nyumbani Lataka Macho Kuliko Maji



Katika nyumba nyingi za Wakristu ukutani pana msalaba, picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu au ya Bikira Maria, na pengine picha ya arusi ya baba na mama. Ni mara chache kuona humo mmea wenye uhai. Leo twataka kuwaeleza habari za mmea mmoja uwezao kukaa pamoja nasi chini ya bati, ukapanda juu ya fimbo karibu na dirisha, na kutoa maua ya rangi mbili, nyeupe na nyekundu. Wataalamu huuita klerodendro wa Bibi Thomson.

Si mmea mgumu kutunza. Lakini wako watu waliopewa mche mzuri, wakaumwagilia maji kila asubuhi na kila jioni kwa upendo wote, na baada ya miezi michache wakautupa nje umekufa. Nao husema: "Mkono wangu si wa maua." Sisi twasema kwamba mkono hauna hatia. Yaliyokosekana ni macho.

ASILI YAKE NA JINA LAKE

Watu hudhani kila ua la chunguni limetoka Ulaya. Sivyo. Mmea huu ni mzaliwa wa Afrika yetu, wa nchi za joto za Afrika ya Magharibi, nao ni wa jamaa moja na mrihani. Katika karne ya 19 mmisionari mmoja wa Kiskoti, William Cooper Thomson, alikuwa akifanya kazi Calabar, katika nchi iitwayo sasa Nijeria. Alikuwa amefiwa na mkewe. Mmea huu ulipoelezwa na Profesa Balfour wa Edinburgh mwaka 1862, ulipewa jina la marehemu huyo, kwa maombi ya mumewe. Ndiyo sababu jina lake la Kilatini, Clerodendrum thomsoniae, lina mwisho wa kike. Wanafunzi wa Kilatini watatambua mara moja kwamba maana yake ni "wa Bibi Thomson". Basi kila mahali duniani unapochanua, jina la mke mmoja aliyependwa hutajwa.

Na neno la kwanza la jina hilo ni la Kigiriki: kleros, yaani kura au fungu, na dendron, yaani mti. Katika neno hilohilo kleros ndimo lilimotoka jina "klero", tunalowaitia mapadri wetu.

Sasa tulitazame ua lenyewe. Sehemu nyeupe, iliyo kama taa ndogo ya karatasi, kwa kweli ni kikombe tu kinachoshika ua. Ua halisi ni ile nyota nyekundu yenye ncha tano itokayo ndani yake, pamoja na nyuzi ndefu nyembamba. Baada ya siku chache nyota huanguka. Kikombe cheupe hubaki kwa majuma, kikageuka polepole kuwa na rangi ya zambarau. Mtu asishtuke akadhani mmea unaugua. Ndiyo desturi yake.

MAHALI PAKE

Bunia iko juu ya mita 1,200 na zaidi, wala haifiki hata digrii mbili kaskazini mwa ikweta. Usiku wetu una ubaridi kidogo, lakini si baridi ya kuua mmea wa nchi za joto. Hapo tuna bahati kuliko watu wa Ulaya, ambao hawana budi kuulinda na baridi kali miezi mingi ya mwaka.

Shida yetu ni mwanga. Nyumba nyingi zina madirisha madogo, na ukuta wa nyuma huwa giza hata saa sita mchana. Mmea ukiwekwa huko utaishi siku kadhaa kwa akiba yake, kisha utarefuka kama kamba, utatoa majani madogo yaliyopauka, wala hautachanua. Uuweke karibu na dirisha lielekealo mashariki, upate jua la asubuhi kwa saa mbili au tatu. Jua hilo ni pole. Jua kali la mchana huunguza majani.

Kama nyumba haina dirisha la mashariki, tukumbuke jinsi jua linavyokwenda kwetu. Toka mwisho wa Machi mpaka katikati ya Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Basi chungu chaweza kuhamishwa mara mbili kwa mwaka, kutoka dirisha moja hadi jingine. Kisiwekwe karibu na jiko la makaa, kwa maana moshi na joto lake hukausha majani.

CHOMBO NA UDONGO

Si lazima kununua chungu cha fahari. Debe la mafuta au kopo kubwa la maziwa ya unga latosha, mradi litobolewe chini matundu matano au sita kwa msumari. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mmea, kwa kuwa mizizi nayo yahitaji hewa, na maji yasiyo na njia ya kutoka huiozesha.

Changanyeni mafungu mawili ya udongo mweusi, fungu moja la samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na fungu moja la mchanga wa mtoni. Samadi mbichi isitumike, maana huchoma mizizi. Kisha simamisheni katikati fimbo ndefu kama mita moja, au fungeni kamba kutoka chomboni hadi juu ya dirisha. Mmea wenyewe hujizungusha na kupanda. Pale unapohitaji msaada, ufungeni kwa ukanda laini wa kitenge kuukuu, wala si kwa waya, ambao hukata shina.

MAJI

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Hakuna sheria ya kusema: kikombe kimoja kila siku. Siku ya mvua si sawa na siku ya kiangazi, na debe kubwa si sawa na kopo dogo. Sheria ni hii: kabla ya kumwagilia, tia kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza. Ukiona ubichi, acha. Ukiona pakavu, mwagilia polepole mpaka maji yaanze kutoka chini, kisha acha tena mpaka pakauke.

Tazama pia majani. Yakilegea wakati udongo ni mkavu, mmea una kiu. Yakilegea na kugeuka manjano wakati udongo umelowa, mizizi inaoza. Mtu asiyegusa udongo huona majani yamelegea, naye huongeza maji juu ya maji, akaua kile alichotaka kuokoa.

Toka Desemba hadi Februari, wakati wa kiangazi chetu, mmea hupenda kupumzika. Waweza kuangusha baadhi ya majani. Uupe maji kidogo tu, ya kuzuia mizizi isikauke kabisa. Mvua zirudipo na machipukizi yaonekanapo, uongezewe.

Tunajua taabu ya mama na watoto wanaobeba bidoni za maji kila siku. Basi mmea unywe maji yaliyokwisha kutumika mara moja: maji ya kuoshea mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni. Na kama mmeweka kisahani chini ya debe, kimwageni baada ya saa moja. Mbu hutaga mayai katika maji yaliyotuama, na kwa muda wa juma moja au mawili mayai hayo yamekuwa mbu warukao. Ua lisiwe mlango wa ugonjwa nyumbani.

VUMBI NA WADUDU

Kila mkaaji wa Bunia alijua vumbi letu jekundu la kiangazi. Huingia mpaka kabatini. Likilala juu ya jani, jani hukosa mwanga, na mwanga ndio chakula chake. Mara moja kwa juma, futeni majani kwa kitambaa kilicholoweshwa, mkishika jani kwa mkono mmoja kutoka chini.

Wakati huo geuzeni jani, mtazame upande wa chini. Hapo ndipo wanapojificha wadudu wadogo weupe kama pamba, na wengine wafumao utando mwembamba. Wakiwa wachache, maji yenye sabuni kidogo na kitambaa vyatosha, mkirudia kila baada ya siku chache. Wakiachwa mwezi mzima, pengine itabidi kukata matawi yote. Wazee walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na watoto wafundishwe kutotia kinywani jani wala tunda la mmea usio chakula.

KUKATA NA KUGAWA

Maua hutoka kwenye matawi mapya. Kwa hiyo, baada ya kuchanua, chukueni kisu kikali na kufupisha matawi yaliyokwisha toa maua. Mtu mwenye huruma isiyo na akili husema, "Siwezi kuukata, ni mzuri mno." Mmea wake huwa mrefu, mtupu chini, na maua yake hupungua mwaka hata mwaka.

Vipande vilivyokatwa visitupwe. Chagueni kijiti cha urefu wa sentimita 10 hadi 15, kisicho laini sana wala kigumu sana. Ondoeni majani ya chini, mkipande katika mchanga wenye ubichi, na kukifunika kwa chupa ya plastiki nyeupe iliyokatwa kitako. Kiwekeni kivulini. Baada ya majuma manne hadi sita, kijiti kilichoshika hutoa majani mapya. Hapo jirani apewe mmea wake.

JE, NI HAKI KUTUNZA UA WAKATI HUU?

Msomaji mwaminifu atauliza: Je, yafaa kusema habari za maua huko Ituri? Tangu Desemba 2017 mapigano ya Djugu yaliwafukuza maelfu ya watu vijijini mwao. Wengi walikimbilia Bunia, wengine wakakaa chini ya mahema katika kambi kama ile ya Kigonze. Mtu aliyepoteza shamba lake, je, atapona kwa ua?

Swali hili ni la haki, nalo latakiwa kujibiwa bila kuzunguka. Hakuna ua lililo mbele ya mtu. Fedha ya chakula, ya dawa au ya shule isinunue ua hata siku moja. Tusimpelekee mwenye njaa ua badala ya unga. Tumpelekee unga, na akiwa na mahali pa kuliweka na moyo wa kulitaka, tumpelekee na ua pia. Kwa maana mkulima aliyefukuzwa amepoteza mavuno, na zaidi ya mavuno amepoteza kazi ya kutunza kitu kinachoota. Siku nzima hupewa: hupewa turubai, hupewa maharage, hupewa namba. Mwenye kopo moja lenye udongo ana kitu kinachomngojea yeye.

Tena si kila kilicho chema lazima kiliwe au kiuzwe. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliagiza sehemu ya bustani ya watawa iachwe bila kulimwa, ili maua ya porini yaote humo, na wayaonao wamsifu Mungu. Papa Fransisko alitukumbusha jambo hilo mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si'. Na Fransisko wa Asizi alikuwa maskini kuliko wengi wetu.

KWA WAZAZI NA WANAFUNZI

Twashauri kwamba mmea wa nyumbani uwe mkononi mwa mtoto mmoja, si mwa wote, maana cha wote hukosa maji au hunyweshwa mara tano. Mtoto huyo aandike katika daftari siku aliyomwagilia, siku jani jipya lilipofunguka, na siku ua la kwanza lilipoonekana. Jumapili baada ya Misa, baba au mama amwulize habari zake, na waende pamoja kuutazama.

Kazi hii ndogo humfundisha mtoto jambo ambalo sisi wazazi twasahau: kwamba kupenda si kumwaga. Twaweza kumnunulia mtoto viatu tusione kwamba amekoma kucheka. Twaweza kumpelekea nyanya sahani iliyojaa, tusikae naye dakika tano kuona kwamba hawezi tena kutafuna. Mke aweza kunyamaza mwezi mzima katika nyumba isiyokosa sukari. Wote hawa ni kama mmea ulegeao katika udongo uliolowa. Hawana upungufu wa vitu, bali hakuna aliyetia kidole kujua hali yao.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kuchukua kikombe cha maji, gusa udongo kwanza. Kisha, ukiwa ungali umeinama pale dirishani, geuka, uwatazame na watu wa nyumba yako.