Je, Wajua? Wakili wa Almasi za Mwadui

Mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ukitajwa, jina linalokuja haraka ni la Dakta John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi hapo mwaka 1940. Lakini wajua kwamba alikuwa na mshirika mwanasheria? Ni I. C. Chopra, wakili mwenye asili ya India aliyefanya kazi zake Mwanza. Alimsaidia Williamson kwa sheria na kwa fedha, akawa mwenye hisa. Mgodi huo ndio uliotoa, mwaka 1947, almasi ya waridi ya karati 54.5, ilipochongwa ikabaki karati 23.6, ikaenda kwa Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi.

Chopra alikuwa pia mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Na hapa Shinyanga inastahili heshima yake: hadi mwaka 1945 baraza hilo halikuwa na Mwafrika hata mmoja, na kati ya wawili wa kwanza kuteuliwa, mmoja alikuwa Chifu Kidaha Makwaia wa Busiha, Shinyanga. Mwenzake alikuwa Chifu Abdiel Shangali wa Machame, Kilimanjaro.