Simba ao Tembo, lakini mushahara tuupokelee wapi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi bamama wa nyumba, hapa Lubumbashi mabishano ya pombe hayaishe. Mwenye kutoka kazi ya usiku anaomba Simba: ya njano, nyepesi, baridi sana, maana koo limejaa vumbi. Wazee wanapenda Tembo, ile nyekundu-nyeusi, nzito, yenye kunukia kama sukari iliyoungua kidogo. Haikunywewe haraka. Sisi tuko upande wa Tembo, vijana watucheke. Nyumbani kuna munkoyo, ya unga wa mahindi na mizizi, hata mama mukwe anaisifu. Lutuku hatuihesabu: ile inachoma tu, ladha haina.

Lakini kuna bwana mumoja wa sous-traitance anayelipa watu wake ndani ya nganda. Franka zinahesabiwa juu ya meza, mwenye nganda anasimama pembeni na kitabu chake cha madeni, na chupa ya kwanza imekwisha kufunguliwa. Mama anapata inayobaki.

Mukataba namba 95 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1949, unakataza kulipa mushahara ndani ya nganda, isipokuwa kwa wale wanaotumika mule. Kongo iliukubali.

Wewe uliyelipwa vile, andika tarehe, pahali na franka ulizopokea, upelekee delege wako mbele ya mwisho wa mwezi. Jina lako hatutalitaja.