Jua la Kazini: Nani Alipe?



Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu ya kutisha: katika mwaka 2019, watu karibu 19,000 katika nchi 183 walikufa kwa kansa ya ngozi iliyotokana na kufanya kazi juani. Basi tutazame wenzetu wa nchi nyingine wanajikingaje, na nani anayelipa.

Huko Marekani waajiri wengi wana mfuko wa matibabu. Sehemu ya mshahara huwekwa humo kabla ya kukatwa kodi, na mfanyakazi akileta stakabadhi ya dawa au miwani hurudishiwa fedha. Mafuta ya kukinga ngozi na jua yamo katika orodha, kwa kawaida yenye kiwango cha kinga 15 au zaidi. Mafuta ya urembo hayamo.

Ni jambo jema, lakini tulipime. Kwanza, fedha hizo ni jasho la mfanyakazi mwenyewe, na zisipotumika mpaka mwaka kwisha, mara nyingi hupotea. Pili, kibarua wa shambani ambaye mwajiri wake hana mfuko hapati kitu. Tatu, kanuni ya usalama kazini iliyotolewa huko mwaka 2007 inawataka waajiri walipie vifaa vya kinga, lakini imewasamehe kofia na mafuta ya jua.

Ujerumani imeshika njia nyingine. Tangu mwaka 2015, aina ya kansa ya ngozi inayoletwa na jua imetambuliwa kuwa ugonjwa wa kazini. Fidia hutoka katika bima inayochangiwa na waajiri.

Na sisi je? Ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini jua kali huumiza macho ya kila mtu, na joto humwangusha hata mwenye nguvu. Wenzetu wenye ualbino hawana kinga hiyo ya ngozi, na kansa huwapata upesi.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lipeleke madai haya katika mazungumzo ya mkataba: kofia pana, shati la mikono mirefu, maji safi, mapumziko kivulini, na mafuta ya kinga kwa wenye ualbino. Gharama iwe ya mwajiri, isikatwe katika mshahara. Panga la kukatia miwa ni chombo cha kazi. Kofia ya mkataji nayo ni chombo cha kazi.